Kalamu Nyekundu ya Masijala

Jina lake halisi lilibaki kwenye kitambulisho. Kazini, mtaani, hata msibani watu walimwita Masijala, kwa sababu ndivyo mlango wa ofisi yake ulivyoandikwa, na kwa sababu katika miaka tisa hakuwahi kukaa nje ya mlango huo muda wa kutosha kwa mtu kumtungia jina jingine. Kilikuwa chumba chembamba cha kutunzia mafaili katika kituo cha afya: rafu pande tatu, na upande wa nne dirisha lenye nondo. Mgonjwa alisimama nje akapenyeza kadi yake kati ya nondo. Masijala alipanda ngazi ya vidato vitatu, akavuta faili, akapiga chafya zake mbili za vumbi, kisha akalipeleka mwenyewe kwa daktari kupitia mlango wa nyuma. Mgonjwa hakuligusa. Ndiyo iliyokuwa sheria. Mtu aliweza kutibiwa pale miaka ishirini asijue kilichoandikwa juu yake, kama umbea wa mawifi: unajua upo, unajua unakuhusu, ila hukaribishwi.

Jumamosi moja Masijala alikuwa ameketi sebuleni kwa shangazi yake, anakitazama kitambaa kilichozungushiwa kidole kidogo cha mguu wa kushoto. Kitambaa kilikuwa kipande cha shuka kuukuu. Chumba kizima kilinukia marashi, na marashi mengi hivyo saa nne asubuhi yana jambo yanalolificha.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Umekuja kunisalimia mimi au kidole?"

"Nyote wawili."

"Kidole hakijambo. Kimelala."

"Kimelala au kimezimia?"

Shangazi alicheka, lakini mguu aliurudisha chini ya kiti. Alikuwa mwalimu mstaafu, miaka thelathini ya darasa la tatu na la nne, mwenye miwani inayoning'inia kwa uzi na sukari iliyompata mwaka aliostaafu. Kiatu kilimchubua kidole majuma matatu yaliyopita. Mchubuko ukawa kidonda, kidonda kikaanza kubadilika rangi. Juzi yake, Shangazi alipopitiwa na usingizi baada ya chakula, Masijala alikipiga picha kwa simu akamwonyesha sista wa vidonda, mama mnene mwenye mikono myepesi ambaye hajawahi kusema neno kwa kuzunguka. Sista alikuza picha.

"Mlete kabla ya Jumatano," alisema. "Ikipita Jumatano sitazungumzia kidole. Nitazungumzia mguu."

Sasa Masijala alikuwa na siku nne za kumtoa shangazi yake nyumbani, na Shangazi alikuwa hajakanyaga kituo cha afya kwa miaka mitatu. Dawa za sukari alinunua dukani, kwa kukisia.

"Sista anakuuliza," alijaribu.

"Msalimie."

"Anasema kidonda kisafishwe na mtu anayejua."

"Mimi sijui kusafisha? Nimesafisha pua za watoto miaka thelathini." Akavaa miwani, dalili kwamba mzaha umekwisha. "Mwanangu, nisikilize. Mimi niko kwenye orodha. Kule kwenu sirudi."

Hapa ndipo mambo yalipoanzia, na ilikuwa kazi ya mikono ya Masijala mwenyewe.

Kabla ya korona, dirishani pake palikuwa na kalamu moja ya bluu iliyofungwa kwa uzi kwenye nondo, wagonjwa wakiitumia kusaini. Ugonjwa ulipoingia ikatoka amri kwamba vitu vinavyoshikwa na wengi viondolewe. Kalamu ya bluu ikachomwa moto pamoja na uzi wake, kama mchawi. Masijala akaenda stoo kuomba nyingine, akakuta boksi moja tu lililobaki, la kalamu nyekundu, ambazo hakuna aliyewahi kuzitaka. Akalichukua. Kwa miezi minane kila alichoandika kikawa chekundu. Na kwa kuwa majalada mengi yalikuwa yamechanika, na msongamano ulikuwa umepungua, akaona atumie nafasi hiyo kuyabadilisha. Akakata makaratasi magumu mapya, akaandika majina upya, makubwa, yanayosomeka hata kutoka nje ya dirisha. Mekundu.

Alijisifu sana kwa kazi ile. Aliona amefanya usafi.

Watu waliona kingine. Walitazama rafu kupitia nondo, wakaona baadhi ya majina ni ya bluu na baadhi ni mekundu, na hakuna aliyekuja kuwaeleza. Msusi akasema wekundu ni wale waliopangiwa sindano isiyo na jina. Kinyozi akasema hapana, wekundu ndio watakaoachwa hewa ikipungua kwenye mitungi. Muuza mkaa, ambaye kwa kawaida huamini nusu tu ya anayoyasikia, safari hii aliamini yote mawili. Majina yakapita mdomo kwa mdomo, na mwenye jina jekundu akawa haji tena. Ugonjwa ukapungua, barakoa zikageuka vitambaa vya kufutia vioo, lakini watu wa majina mekundu hawakurudi. Masijala aliwaeleza mara ngapi! Ilikuwa kalamu tu! Walimwitikia kwa upole, jinsi mtu anavyomwitikia mlevi anayedai hajalewa.

"Shangazi, ni wino. Wa bluu uliisha."

"Kalamu nyekundu nimeishika miaka thelathini," alisema Shangazi. "Haiandiki bila sababu. Ukiiona kwenye daftari, ujue kuna mtu ameamua jambo juu yako."

"Mimi sikuamua chochote. Mimi ni karani."

"Na hilo nalo. Mlisema tusivae barakoa, zinamaliza za madaktari. Baada ya wiki mkasema asiyevaa haingii. Mkasema watoto haiwapati. Mkasema inawapata. Mtoto akibadilisha jibu mara nne namuuliza kama amesoma."

"Ugonjwa ulikuwa mpya. Hata wakubwa walikuwa hawajui."

"Basi wangesema hawajui!" Sauti ilipanda, ile ya darasani, na Masijala akajikuta amekaa wima. "Mtoto anayesema 'sijui, mwalimu' nampa nafasi. Anayebahatisha huku amenikazia macho, huyo simwamini hata akipata."

Ukutani palikuwa na saa saba, zote zikienda, kila moja kwa wakati wake. Zilikuwa za marehemu mumewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi Saa, na ambaye alifariki katika miezi ile ile ya wino mwekundu. Shangazi alizitia betri lakini hakuzilinganisha. Alisema kazi ya kuzilinganisha haikuwa yake.

"Jumatatu usije na maneno," alisema mwishowe. "Njoo na faili langu. Nilisome mwenyewe. Na la mzee wangu pia."

"Mafaili hayatoki getini, shangazi."

"Na mimi sitoki hapa. Sote tuna sheria zetu."

Jumatatu, saa ya chakula cha mchana, Masijala alijifungia chumbani mwake. Faili la Shangazi alilipata upesi. Juu, jina jekundu, herufi ambazo sasa hata yeye alizitazama kwa jicho jingine: kweli zilikuwa kama zinapiga kelele. Ndani hamkuwa na la ajabu. La Fundi Saa ilibidi alitafute chini kabisa, kwenye boksi la mafaili yaliyokwisha kufungwa. Akaketi kwenye ngazi, akalifungua, akaenda moja kwa moja kwenye karatasi ya mwisho.

Karatasi za kliniki ya presha zilijazwa na yeye. Tarehe, uzito, kipimo, maoni. Jioni kila jina ambalo halikupimwa aliliandikia neno moja, akapanga mafaili, akaenda nyumbani. Ndivyo alivyofundishwa. Na hapo mbele ya tarehe ile palikuwa na mwandiko wake, mwekundu, umenyooka vizuri: HAKUFIKA.

Masijala aliliziba neno lile kwa kidole gumba.

Maana Fundi Saa alifika. Alifika saa mbili kasoro asubuhi akiwa ameshikwa mkono na mkewe. Wiki ile ilikuwa imetoka amri kwamba anayekohoa asivuke geti, apewe namba ya simu na arudi nyumbani kupiga. Namba yenyewe ilikuwa haipokelewi. Fundi Saa aliketi juu ya jiwe nje ya geti, mabega yakipanda na kushuka, na kutoka pale alimwona Masijala dirishani. Akainua mkono. Masijala naye akainua wake. Alidhani wanasalimiana. Labda alijilazimisha kudhani hivyo. Siku ya nne Fundi Saa alizikwa na watu sita, kwa mbali.

Karatasi ilishikwa na kamba tu. Masijala aliifungua kamba, akaitoa, akaikunja mara mbili, akaitia mfuko wa shati. Hakujiona mwongo. Alijiona mtu mwenye siku mbili na kidole kimoja. Mafaili yote mawili aliyafunga kwa gazeti, akatoka nayo getini.

Shangazi alimsubiri mezani kama anayesubiri madaftari ya mtihani. Aliyafuta mafaili vumbi kwa kiganja, akavaa miwani, akaanza na lake. Alisoma kila ukurasa, kidole kikifuata mstari.

"Daktari huyu alifundishwa kuandika na nani? Ningempa mistari mia moja." Akageuza. "Uzito, uzito, uzito. Hapa mmenizidishia." Akageuza tena, akatulia, kisha mabega yakaanza kumtikisika. "'Mgonjwa ni mbishi. Ahimizwe kutembea.' Mbishi! Tarehe kumi na nne!"

"Samahani, shangazi."

"Ya nini? Hapo amepata." Alicheka mpaka akavua miwani kufuta machozi. Masijala alicheka naye, na kwa mara ya kwanza kwa wiki tatu akaona mguu wa kushoto umetoka wenyewe chini ya kiti.

Alipofika kwenye faili la mumewe alisoma polepole zaidi. Vipimo vya mwisho vilikuwa vya mwezi mmoja kabla ya kifo. Baada ya hapo, jalada la nyuma tu.

"Kwa hiyo siku ile hamkuandika kitu," alisema.

Masijala aliushika mfuko wa shati.

"Unajua nilichokiogopa? Si orodha. Orodha ilikuwa ya midomoni tu, hata mimi nilikuwa naona haya kuisema. Niliogopa mmemwandikia uongo mzee wangu. Eti hakuja. Eti alidharau kliniki, yeye aliyekuwa anafika kabla ya mfagiaji." Alilifunga faili, akaliwekea kiganja juu. "Kumbe mlisahau tu. Watu mlikuwa mmechoka, mlisahau. Kusahau nakusamehe. Nipe hicho kiatu."

Basi. Ameshinda. Kiatu kilikuwa pale mlangoni, kilichokatwa ubavuni ili kidole kipate nafasi. Masijala alikiinua. Akapiga goti kumvalisha, na karatasi mfukoni ikakwaruza kifuani. Aliwaza: nyamaza, akisafishwa kidonda utasema. Ukishasema, atasema nini? Kwamba nilimtoa nyumbani kwa njia ile ile tuliyomrudishia mumewe, tukijua sisi na asijue yeye. Na sista akimwambia meza hiki, kata hiki, neno la sista litakuwa limesimama juu ya nini?

Na ule mkono ulioinuliwa. Ulikuwa hausalimu.

Akiwa bado amepiga goti, alitoa karatasi, akaikunjua, akaiweka juu ya meza.

"Hii ilikuwamo," alisema. "Nimeichomoa mimi. Na hilo neno niliandika mimi. Na nilimwona. Alinipungia."

Shangazi alisoma neno moja kwa muda ambao mtu angesoma barua. Kisha akauvuta mguu kutoka mikononi mwa Masijala, akakitoa kiatu kwa mguu mwingine, akanyanyuka, akaingia chumbani akichechemea. Mlango ukafungwa.

Masijala alibaki sakafuni na kiatu. Zile saa saba za ukutani ziligonga, kila moja na lake. Alifikiria jinsi atakavyomwambia sista. Alifikiria Jumatano. Aliwaza pia kwamba huenda mtu akawa mjinga mara mbili kwa karatasi moja.

Mlango ulipofunguliwa, Shangazi alikuwa na kopo lake la nyuzi na sindano. Alipekua ndani yake, akatoa kalamu nyekundu, ya zamani, iliyotafunwa mwishoni.

"Keti kitini. Hakuna anayeandika akiwa sakafuni."

Akaketi.

"Mtoto akikosea darasani kwangu nilikuwa namfanya nini?"

"Masahihisho," alisema Masijala. Alijua vizuri, darasa la tatu alipita mikononi mwake, na undugu haukumpunguzia hata mstari mmoja.

"Usifute. Anayefuta anaficha. Liache kosa lionekane, andika chini yake."

Alitaka kutumia kalamu yake ya bluu, ya mfukoni. Shangazi akaisukuma pembeni. "Kwa nyekundu. Ulikosea kwa nyekundu."

Masijala aliandika: Alifika. Alirudishwa.

"Nani alimrudisha? Upepo?"

Akakata, akaandika upya: Alifika kabla ya saa mbili asubuhi. Tulimrudisha getini kwa sababu alikuwa anakohoa. Tulimpa namba isiyopokelewa. Mimi karani nilimwona, sikutoka nje.

"Tarehe ya leo. Jina lako. Lile la kwenye kitambulisho. Sahihi."

Alipomaliza, Shangazi aliisoma mara mbili, kalamu ikielea juu ya karatasi kama zamani alipokuwa akiamua. Masijala alisubiri alama ya vema. Shangazi hakuiweka. Aliirudisha karatasi ndani ya faili, akafunga kamba kwa fundo la mshonaji.

"Nipe kiatu," alisema. "Na usichekelee. Sijawaamini. Ninakwenda kuwatazama mnavyofanya kazi."

La mumewe alimpa Masijala; faili lake alilibeba mwenyewe, kifuani, jina jekundu likitazama nje. Walipita mbele ya msusi, mbele ya kinyozi, mbele ya muuza mkaa aliyesimamisha kazi, na kwa kuwa Shangazi alitembea polepole, kila mtu alipata muda wa kutosha wa kuona.

Sista wa vidonda alinyoosha mkono alipokee faili. Shangazi akalikalia.

"Uliza unachotaka, nitakusomea."

Sista alimtazama Masijala, Masijala akatazama dari. Basi sista akavaa glavu, akafungua kile kipande cha shuka, na marashi yakashindwa. Alisafisha bila haraka, akibonyeza hapa, akiuliza pale kama pana hisia. Alipomaliza alikaa juu ya stuli.

"Mguu utabaki, mwalimu. Hilo nakuhakikishia. Kidole sijui."

"Umesemaje?"

"Kidole sijui. Naweza kukudanganya hapa ufurahi, lakini sijui. Tutakisafisha leo, kesho na keshokutwa, halafu kitatuambia chenyewe."

Shangazi alimgeukia Masijala taratibu. "Huyu," alisema, "huyu amesoma." Akajiinua kidogo, akachomoa faili chini yake, akampa sista.

Kidole kilikatwa Alhamisi. Shangazi alisema amebakiwa na tisa na kwamba hata kwenye hesabu tisa si alama mbaya. Mganga mfawidhi, mkuu wa kituo, aliposikia mafaili yametembea mtaani, alibandika tangazo kwenye mlango wa Masijala: faili la mgonjwa lisitoke nje ya geti. Masijala alilisoma kwa umakini wa mtu aliyefundishwa na Shangazi, akaona limekataza geti. Halikutaja benchi la wagonjwa lililokuwa chini ya dirisha lake.

Jumatatu iliyofuata, dirishani alisimama muuza mkaa, vidole vikiwa vimeacha alama nyeusi kwenye nondo. Hakuwa na kadi.

"Sikuja kutibiwa," alisema kwa sauti ya chini, akitazama pembeni. "Nimesikia mnasahihisha."

"Unataka kuliona lako?"

"Nataka kulijua limesema nini. Mwaka ule nilimleta mama."

Masijala alipanda ngazi, akapiga chafya zake mbili, akashuka na mafaili mawili. Alijaribu kuyapitisha dirishani. Yakiwa yamelala hayakuenea kati ya nondo. Akayasimamisha wima, yakapita. Muuza mkaa aliyapokea kwa mikono miwili, akalifungua la juu, akalitazama, akaligeuza juu chini, akaligeuza tena.

"Kaka," alisema, "macho yangu haya na kusoma hayakuwahi kuelewana."

Nyuma yake palikuwa na mwanamke mmoja aliyejifunga mtandio, na nyuma ya mwanamke, kinyozi, aliyejifanya anasoma tangazo. Masijala aliangalia rafu zake, akaangalia mlango. Akachukua kalamu mbili, ya bluu na nyekundu, akatoka chumbani, akazunguka jengo, akamkuta muuza mkaa ameshaketi benchini, mafaili mapajani.

"Sogea kidogo," alisema. "Tunaanzia ukurasa wa kwanza."